Neno Lisilotamkwa Siku ya Kwanza

Mwaka ule mwanetu Ruilin hakuja kwa Mwaka Mpya wa Kichina, kazi ilimzuia Kanada, nami nikaapa sitabaki nyumbani Taiyuan kutazamana na kiti chake. Tukachukua chumba katika mji wa Pingyao, ndani ya ukuta wake wa kale, katika nyumba ya wageni ya Bi Hao. Mume wangu, Qiao Shuangxi, alinung'unika njia nzima kwenye treni, kisha alipofika akaupenda mji kuliko mimi.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka Bi Hao alituwekea jiaozi, vifuko vya unga vyenye nyama na kabichi, pamoja na bakuli la siki nyeusi. Mume wangu hula vitu hivyo kama mtu aliyetoka kifungoni. Siku hiyo alikula kimoja tu, akaweka vijiti mezani, akaanza kujisugua mkono wa kushoto.

"Una nini, Baba Ruilin?"

"Kitanda chao kigumu. Nimeulalia mkono."

Nje kulikuwa na barafu, lakini yeye jasho lilimtiririka. Marehemu kaka yangu alianza hivyohivyo, mkono na jasho, na jua halikuzama akiwa hai.

"Twende hospitali," nikamnong'oneza.

"We mwanamke, leo siku gani? Anayemeza kidonge siku ya kwanza atameza mwaka mzima. Anayekwenda huko unakokutaja, ndiyo kajipangia chumba. Nitakwenda kesho, hata ukitaka kunibeba mgongoni."

Msinicheke. Imani hiyo ni yangu pia. Siku ya kwanza sifagii, sishiki mkasi, sitaji baya lolote, ndivyo alivyonilea mama. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hata methali hiyo ningeisemaje, na neno lenyewe limo ndani yake?

Nikamfuata Bi Hao jikoni, nikamweleza kwa sauti ya chini. Akaniziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Shika ulimi wako, dada Miao! Mtu abebwe kwa machela kutoka kwangu, leo? Nani atalala hapa tena? Mpe maji ya tangawizi, apumzike. Kesho si mbali."

Nikampa tangawizi. Akalala chali, nami nikaketi kando yake nikikitazama kifua chake. Pumzi yake ikichelewa, yangu nayo ilikwama. Niliogopa kunyamaza na niliogopa kusema, maana niliamini kweli kwamba nikilitamka neno lile, nitakuwa nimeliita lije.

"Usinikodolee macho," akasema. "Hukuolewa jana."

Alijikaza kunichekesha, lakini midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Akaketi, akasema anataka kwenda kuona ngoma mtaani. Akashika kifungo cha koti. Vidole vikakikosa. Akajaribu tena, vikakikosa tena, na akaviangalia vidole vile kama si vyake.

Hapo hofu ikanipanda kichwani. Nikafungua mlango wa uani, nikapiga kelele wageni wote wasikie.

"Shuangxi, utakufa! Utakufa leo, siku ya kwanza, na mimi nitakuzika!"

Bibi mmoja kutoka Datong akatema mate mara tatu kufukuza mkosi, akamziba masikio mjukuu wake. Bi Hao akasimama na upawa mkononi, mdomo wazi. Nilidhani nimemuua kwa ulimi wangu.

Mume wangu akaanza kulia.

"Usiseme hivyo, Mama Ruilin. Naogopa."

Tangu anioe sijawahi kumsikia akisema anaogopa.

"Na mimi naogopa. Vaa viatu."

Bi Hao ndiye aliyejitikisa kwanza. "Limeshatoka, halirudi mdomoni," akasema, akatupa upawa. Magari hayaruhusiwi ndani ya ukuta, kwa hiyo akatoa baiskeli yake ya umeme ya magurudumu matatu, ile ya kubebea makreti ya siki, tukamlaza humo. Barabarani wachezaji ngoma walikuwa wamejaa tele. Yeye huyohuyo aliyeniziba mdomo alikuwa akipaza sauti, "Pisheni! Mgonjwa! Pisheni!"

Hospitali ilikuwa tupu. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, madaktari wakauzibua. Daktari alipotoka alivua barakoa, akaniambia tungekawia kidogo zaidi angekuja na maneno mengine. Nikamuuliza mbona hakuna watu.

"Watakuja kesho," akasema.

Sikumwelewa mpaka siku ya pili kulipopambazuka. Wakaanza kuletwa, huyu kwa machela, yule mgongoni mwa mwanawe, vitanda vikaisha, wakalazwa koridoni. Mbele ya mlango wetu alisimama mwanamke wa rika langu, sweta jipya jekundu, akiishikilia machela ya mumewe.

"Maumivu yalianza lini?" muuguzi akauliza.

"Jana asubuhi. Tukaona tungoje siku ipite."

Muuguzi alimshika yule mzee shingoni, akatafuta mapigo, kisha akamfunika shuka mpaka usoni. Mwanamke hakulia. Aliangalia ndani, akamwona mume wangu akinywa uji.

"Ninyi mlikuja lini?" akaniuliza.

Mume wangu akaacha kunywa.

"Leo," nikamwambia. "Leo alfajiri, kama ninyi."