Breki Iko Magotini kwa Mkwe

Idi Pili, nusu ya kijiji cha Kiranjeranje ilihamia Lindi, kwenye bustani ya michezo ya mzee Karmali, na Mwanaima muuza mihogo ndiye aliyelijaza basi la Kosta. Mwezi mzima alikuwa akiwahubiria majirani: kuna gari moshi la kweli, zamani likibeba mkonge, linakula kuni na kuhema kama mgonjwa wa pumu! Walipofika alipiga watu vikumbo mpaka akalipata benchi la mbele kabisa, mgongoni kwa dereva. Shoga yake Mary akabanwa pembeni.

Dereva alikuwa kainama anachochea kuni. Honi ikalia, mabehewa yakaruka, vigelegele vikapaa. Dereva akainua shingo, na Mwanaima akakitambua kisogo.

"Mama yangu! Mary, nifunike!"

"Una nini wewe?"

"Mkwe! Abilahi, mume wa mwanangu Somoe! Niliambiwa kapata kazi kwenye mashine, nikajua mashine ya kukoboa!"

Tangu harusi, wawili hawa hawakuwahi kutazamana usoni. Abilahi akija, Mwanaima hukimbilia jikoni; salamu hupelekwa na watoto. Ndiyo adabu, mpaka mkwe alete zawadi ya kuondoa haya. Leo khanga ilimmeza kichwa kizima, na kisogo cha mbele kilikakamaa kama nguzo, kwa kuwa sauti ile nacho kilishaijua.

Kasheshe ikaanzia kituoni. Mkono wa breki ulikuwa nyuma ya dereva, umechomoza magotini kwa Mwanaima. Gari likamaliza mzunguko, likateremka kituoni kwa kasi. Abilahi, bila kugeuka, akapeleka mkono kinyumenyume, akapapasa, akagusa pindo la khanga, akaurudisha kama aliyeshika kaa la moto. Kituo kikapita. Mzee Karmali akabaki na kibendera chake hewani.

"Bure jamani, tunaongezewa!" wakashangilia wa nyuma.

Mzunguko wa pili, yale yale. Safari hii Karmali alilikimbiza gari, pindo la kanzu mkononi. "Abilahi! Ukipita tena, kesho usije! Sikutaki!"

Chini ya khanga, furaha ikamkauka Mwanaima. Kazi ikienda, Somoe atakula nini, na yule mjukuu wa tumboni?

"Mary, mwambie huyo mwenye gari avute breki."

"Mwenye gari, vuta breki!"

"Dada, mwambie mama asogeze magoti!" kisogo kikajibu.

"Nisogee wapi, na wewe Mary umenijaa hivi? Vuta wewe!"

Mary akavuta kwa mikono miwili. Chuma hakikutikisika. Mteremko ukaanza, na kibendera kikaonekana chini kikitetemeka kwa hasira.

Mwanaima akaivua khanga kichwani mbele ya Kiranjeranje nzima.

"Abilahi, baba! Geuka!"

Akageuka, jasho na masizi usoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba! Vuta!"

Akavuta. Magurudumu yakapiga kelele, watu wakalaliana, gari likasimama pua kwa pua na Karmali. Mary, mdomo haumkai, akaropoka: "Heh! Mkwe unamwona uso, na zawadi ya kuondoa haya hajaleta!"

"Hajaleta?" Mwanaima akasimama juu ya benchi. "Kanizungusha mara tatu kwa gari moshi! Wewe mkweo alikupa nini? Kuku!"

Bustani nzima ikaangua kicheko. Karmali akafumbua mdomo afukuze mtu, akaona watu wanasukumana foleni wakitaka nao wazungushwe mara tatu, akaufumba.

"Mama, unashuka?" Abilahi akauliza, akimtazama usoni.

"Nishuke niende wapi? Chochea kuni, baba!"