Filimbi ya Sajini Masila

Kavindu alipanga nyanya juu ya gunia, nzuri mbele, zilizobonyea nyuma, jicho moja likiwa kwenye kona ya barabara. Tangu Sajini alazwe hospitalini, wachuuzi wote wa ukingo huo wa barabara walikuwa wakifanya kazi hivyo, na kazi haikwenda. Mteja aliuliza bei mara ya pili ndipo Kavindu akasikia.

"Aiya, Kavindu! Umeatamia hizo nyanya kama kuku," Ndunge alimwita kutoka kwenye avokado zake. "Funika twende. Mwili wa Sajini umefika."

"Tukienda wote, nani anaangalia?"

"Si Kioko alisema leo ni amani?"

"Ndiyo. Kioko alisema."

Kioko alikuwa msimamizi wa soko. Jana yake alipita pale akiwa mpole kuliko kawaida. Mwili wa mzee, alisema, ungesimama kidogo uwanjani nyuma ya kanisa kabla ya kupelekwa Katangi kuzikwa. Kila mchuuzi aje. Hakuna atakayeguswa na askari wa soko. Na mtu asije na mizigo mbele ya marehemu, ni aibu.

Kavindu alifunika nyanya kwa turubai. Mizani yake ilichukuliwa na askari hao wiki ile Sajini alipoingia hospitali. Nyanya nazo zikichukuliwa, hangekuwa na cha kuanzia tena. Pengine pa kuuzia hapakuwapo; ndani ya soko jipya vibanda vilikuwa vimefungwa kwa kufuli tangu siku ya uzinduzi, vikiwangoja wenyewe, watu ambao hakuna mchuuzi aliyewahi kuwaona.

Masila hakuwa sajini. Alirudi kutoka vita vya Shifta kule kaskazini akiwa koplo, lakini watu wa mtaa walimpandisha cheo, naye hakuwasahihisha. Alivaa koti zito la jeshi hata jua la Oktoba likiwaka. Vijana wa bodaboda wakimwambia, "Niaje, Sajini," aliwajibu, "Simama wima kwanza," kisha akawakagua viatu. Kuhusu vita hakueleza mengi. Alisema kazi yake ilikuwa kuangalia barabara.

Kazi hiyo aliendelea nayo. Kila asubuhi alisimama kwenye mwinuko wa udongo wa murram pale konani, mahali panapoonyesha barabara yote hadi darajani, filimbi ikining'inia kifuani. Lori la askari wa soko likivuka daraja, aliipuliza mara moja, kwa nguvu, hadi pumzi imwishie. Kila gunia lilikuwa na kamba iliyopitishwa pembe zote nne. Ukiivuta, duka linakuwa mzigo. Lori likifika, linakuta vumbi na mzee aliyesimama wima.

Uwanjani, jeneza lilikuwa limewekwa juu ya stuli mbili. Juu yake palikuwa na lile koti, medali moja na filimbi. Mutheu, bintiye marehemu, aliketi kando yake. Askari wa soko walikuwa wamejipanga mstari upande wa pili, buti zimepigwa rangi. Kioko alishika kipaza sauti.

"Marehemu alikuwa mtu wa sheria," alisema. "Alitusaidia sana kuleta nidhamu katika soko hili."

Ndunge alificha mdomo kwa leso. "Nidhamu? Si ndiye alimwambia huyu Kioko afunge kamba za viatu kwanza, ndiyo amwage sukuma wiki za watu?"

Kavindu hakucheka. Alikuwa akiangalia mstari wa askari. Ulikuwa umepungua. Alipoinamisha kichwa na kukiinua tena, ulikuwa umepungua zaidi, na Kioko alikuwa amefungua karatasi nyingine.

Kisha Kavindu akasikia minyororo. Mlango wa nyuma wa lori la askari ulifungwa kwa minyororo miwili iliyolegea, na kila aliyewahi kupoteza mali pale aliijua sauti yake. Ilitoka upande wa barabara.

Huenda lilikuwa lori la mchanga. Akikosea, ataitwa mwanamke aliyeharibu mazishi ya Sajini. Alimtazama Mutheu. Mutheu naye alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Alinyoosha mkono akaisukuma filimbi hadi ukingoni mwa jeneza.

Kavindu alisimama, akaenda, akainama kama anayeaga. Akaichukua na kuipuliza mpaka pumzi ikamwishia.

Wanawake wote waliinuka pamoja, hata wa kwaya, viti vikaanguka.

"Akina mama!" Kioko alipaza sauti. "Mheshimuni shujaa!"

"Si ndiyo hii tunamheshimu!" Ndunge alimjibu bila kugeuka.

Askari walikuwa wameanza kupakia bidhaa kutokea upande wa darajani. Kavindu aliwahi gunia lake, akavuta kamba na kukimbilia nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi, nyanya zikipasuka na kumlowesha mgongo. Ndunge alikuta tu majani makavu aliyozitandikia avokado. Avokado zake zilikuwa juu ya lori, na lori linaondoka.

Baadaye gari la maiti lilipita kuelekea Katangi. Lilisimama, Mutheu akashusha kioo. Kavindu alimnyooshea filimbi.

"Kaa nayo, mami," Mutheu alisema. "Kule Katangi hakuna lori."

Gari likaondoka. Wanawake waliitazama ile filimbi mkononi mwa Kavindu, kisha wakatazama mwinuko wa konani. Ukisimama pale unaona barabara yote, lakini gunia lako huwezi kuliona. Sajini aliweza kwa sababu hakuwa na cha kuuza.

"Lete," Ndunge alisema. "Mimi sasa ndiye sina kitu."

Aliifuta kwa leso, akaivaa shingoni na kupanda mwinuko. Kavindu alikunjua gunia akaanza kuchambua: nzima mbele, zilizobonyea nyuma, zilizopasuka kwenye ndoo.

"Niaje, Ndunge!" kijana wa bodaboda alimwita akipita.

"Simama wima kwanza," Ndunge alijibu, macho yakiwa darajani.