Kiti cha Nahodha

Mvua ilipozidi, Mama Nahodha alizima jiko, akamimina chai kwenye chupa, akachukua mwavuli na soksi kavu, akampelekea mumewe kazini. Kazini kwenyewe si dukani. Duka la mabomba na pampu, lililowasomeshea watoto, lilikuwa limefungwa tangu adhuhuri, maana mteja wa bomba hamsubiri mtu aliyekwenda kuzuia mafuriko. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao pale kona ya chini ya mtaa, miguu mitupu, suruali kaikunja hadi magotini. Maji yalikuwa yameshateremka kutoka barabara ya juu na kusimama mbele ya vidole vyake, mazito kwa matope, kimo cha goti, yakisubiri. Nyuma ya kiti palikuwa na tope la kawaida tu la mvua, na watu walipita na viatu vyao.

Nahodha lilikuwa jina la utani. Jeshi la majini alilitumikia ujana wake wote, lakini hakuwahi kuongoza hata mtumbwi; alikuwa fundi wa pampu, chini kabisa melini, kazi yake kuyatoa maji yaliyoingia pasipotakiwa. Alipostaafu alifungua duka, na kwa kuwa hakujua kukaa bure, akawa mtu wa kujitolea: kupaka rangi zahanati, kubeba jeneza, kuzibua mitaro. Ukimtaka, walisema watu, mtafute palipo na kazi isiyo na mshahara.

Jambo hili la maji lilianza siku alipokwenda na sepetu kuzibua mtaro mkubwa, akakuta hauzibuki, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa alikuwa amejenga ghala lake juu yake. Nahodha alihangaika mpaka akachoka, akageuza ndoo akaikalia. Maji yakamfikia miguuni, yakasimama, kisha yakarudi nyuma kidogo, kwa adabu. Hakuna aliyepiga kelele. Mama wa nyumba ya pili alitoka, akatazama, akamwomba asogee kushoto kidogo ili na jiko lake liokoke. Nahodha akasogea.

“Mimi na maji tunajuana tangu zamani,” alimweleza mkewe jioni ile akijikanda miguu, na hakulizungumzia tena.

Tangu hapo mvua ikianza walimwita kama wanavyomwita fundi umeme. Zahanati iliacha kuinua vitanda vyake juu ya matofali. Wenye maduka walishusha magunia sakafuni. Siku moja alikwenda msalani tu, maji yakaingia hadi wodi ya wazazi, na watu wakamlaumu kwa upole. Upole huo ndio uliomuuma zaidi.

Mama Nahodha angeyavumilia yote hayo. Alishamkopesha mume wake kwa jeshi, akamkopesha kwa duka, akazoea. Lakini binti yao alikuwa amejifungua, katika mji ulio mbali, safari ya siku nzima, na tangu mtoto azaliwe mvua haikuwahi kukatika wiki nzima. Mtoto aliota meno, akatambaa, na babu yake hajamtia machoni. Begi la safari lilifungwa na kufunguliwa mpaka zipu ikafa.

Mwishowe Nahodha alikwenda kwa mwenyekiti, kofia ya jeshi kwapani, akamwomba avunje pembe moja tu ya ghala ili mtaro upumue.

“Tutalitazama, Nahodha,” alisema mwenyekiti. “Kwani wewe una safari?”

“Nina mjukuu.”

“Hongera sana,” alisema mwenyekiti, akampa mkono.

Fedha za kuzibua mtaro zilipotoka, zilijenga paa zuri la bati juu ya kiti, na miguu ya kiti ikamiminiwa zege ili kisiibwe. Mwenyekiti alikata utepe akasema mcheza kwao hutunzwa. Mama Nahodha alipiga makofi pamoja na wenzake, mikono ikienda yenyewe.

“Punda afe, mzigo ufike,” alimwambia mumewe walipofika nyumbani. “Hivyo ndivyo wanavyotaka, mzee.”

“Nikiinuka, wodi ya wazazi inazama, mama. Wale wenye vichanga utawaambia wahamie wapi?”

Kama mumewe angekuwa mkaidi, Mama Nahodha angempa ya uso. Lakini alikuwa mtu mwema, na mtu mwema huna pa kumshikia. Alichoka kuwa na mume mwema.

Basi binti akaona isiwe taabu, akamleta mtoto mwenyewe. Walifika mvua ikinyesha, Mama Nahodha akawapeleka moja kwa moja kwenye kiti. Nahodha alimpokea mjukuu wake, msichana mnene mwenye macho ya bibi yake, akalia kidogo bila kujificha. Mtoto hakutaka kupakatwa. Alijinyonganyonga mpaka babu yake akamshusha, akasimama, mkono mmoja kwenye goti la mzee, nyayo tupu ardhini.

Maji yakarudi nyuma. Hayakurudi kidogo, yalipanda mtaa wote, yakapita nyumba ya pili, yakapita ukuta wa ghala, yakasimama barabara ya juu yakitetemeka.

Watu waliokuwa chini ya miavuli walimtazama mtoto. “Afadhali,” alisema mama wa nyumba ya pili, “sasa hata uani kwangu patakauka.” Mwenyekiti alisogea, akamshika mtoto shavu, akauliza ana umri gani, na kama anaweza kusimama muda mrefu.

“Mwenyekiti,” alisema Nahodha, “fungua mtaro.”

Sauti hiyo mkewe hakuwahi kuisikia. Mwenyekiti alijibu kwamba suala la mtaro liko kwenye kamati, na kamati aijuaye vizuri ni Nahodha mwenyewe, maana ni mjumbe.

Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha na Nahodha alishakwenda kazini. Ndani, binti alikuwa akikunja nguo za mtoto harakaharaka, na mama yake akimsaidia. Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa fundi seremala, jirani mwema aliyetengeneza kile kiti cha kwanza bila malipo, futi yake mkononi.

“Shikamoo, Mama Nahodha. Nimetumwa kupima. Kiti kidogo.”

Mama Nahodha alisimama mlangoni akauziba kwa mwili wake. Aliangalia kona ya chini. Mumewe alikuwa amewaona. Alikuwa ameshika mikono ya kiti kama mtu anayetaka kuinuka, na maji mbele yake yalikuwa yamemsogelea kidogo, tayari kupita. Kule nyuma zahanati ilikuwa imefungua madirisha. Mzee akaketi tena.

“Mtoto amelala,” alisema Mama Nahodha.

Fundi alisema hana haraka. Akafuta viatu, ingawa havikuwa na tope jingi, akakaa kibarazani pakavu, akasubiri mtoto aamke.