Kila Ukurasa na Nukta Yake

Kiwandani walimwita Bi Nukta, na yeye hakulichukia jina hilo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Hakuna kitabu kilichoingia mtamboni kabla hakijapita mbele ya macho yake na penseli yake nyekundu. Aliyemfundisha kazi alimpa mbinu moja siku ya kwanza: usome ukurasa kinyumenyume, uanze na neno la mwisho, ili hadithi isikuteke ukasahau kilichokuleta. Bi Nukta alishika mbinu hiyo kweli kweli. Matokeo yake ni kwamba alisoma vitabu zaidi ya mia nne na hakujua hata kimoja kilikuwa kinasema nini. Watu walicheka akiwaambia hivyo, na yeye alicheka nao, mpaka mwaka huu.

Mwaka huu daktari wa macho alizima taa yake ndogo, akavuta kiti karibu, akasema bila kuzungukazunguka kwamba mishipa ya macho inakufa na dawa itachelewesha tu.

"Ni miezi, mama. Mingapi, siwezi kukudanganya. Kama kuna kitu unataka kukiona, kione sasa."

Njiani kurudi nyumbani alijiuliza anataka kuona nini, na jibu likamtia aibu kwa udogo wake. Alitaka kuijua hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama watu wengine.

Basi ikafika siku ya kuchagua vitabu vya likizo. Kila mwaka, Jumamosi moja kabla ya safari, Bi Nukta na mumewe walisimama mbele ya rafu alizozitengeneza mume mwenyewe, maana alikuwa seremala, na seremala mzuri. Mke alichukua vitatu, ambavyo siku zote aliishia kuvisaka makosa tu, mume kimoja. Chake alikichagua kwa unene. "Nipe kile cha inchi mbili, mke wangu, likizo yenyewe ndefu." Kisha siku zote za likizo alikaa barazani na miwani yake puani, akifunua kurasa taratibu, na mkewe akimwonea wivu kwa utulivu ule.

Safari hii Bi Nukta alikaa chini sakafuni na kioo cha kukuzia herufi. Mistari ilimchezea machoni, na kila ilipotulia, jicho lake lilikimbilia koma iliyokosekana badala ya maneno. Alitoa vitabu saba, akarudisha vinne.

"Mwaka huu wewe huchagui, baba watoto," alisema. "Utanisomea vyangu. Macho yangu hayawezi tena, na wewe sauti unayo."

Mume alikuwa anakaza bawaba ya kabati. Aliikaza mpaka skrubu ikalia.

"Tutaona," akasema.

Walipanga nyumba ndogo mlimani, vyumba viwili na baraza. Siku ya kwanza mume alikuwa na kikohozi. Siku ya pili miwani haikuonekana, mpaka mke alipoipapasa ndani ya kiatu. Siku ya tatu alasiri mvua ilinyesha, visingizio vikaisha, mume akafungua kitabu, akakohoa, akaanza.

Ilikuwa hadithi ya fundi aliyejenga nyumba ya milango kumi na miwili kwa mjane mmoja, na kila mlango ukimalizika, mjane alipata sababu ya kuutaka mwingine. Bi Nukta alifumba macho. Alimwona yule mjane, alisikia randa ikipita juu ya ubao. Mlango wa nne ulipokataa kufunga, alijikuta analia. Lo! Kumbe hiki ndicho wenzake walichokuwa wakipata, wakati yeye anahesabu nukta!

Ilikuwa alasiri ya pili, kwenye mlango wa saba, sikio lake lilipomsumbua. Mume alimaliza sentensi, akafunua ukurasa. Akasoma tena, akamaliza sentensi, akafunua. Bi Nukta alianza kuhesabu bila kutaka. Kurasa tisa. Kumi na moja. Kumi na nne, na kila moja imeishia kwenye nukta yake. Katika maisha yake yote hakupata kukutana na kitabu cha namna hiyo. Sentensi haina adabu. Hukatika popote, nusu ukurasa huu, nusu ule.

"Rudia hiyo ya mwisho," alisema.

Mume akairudia. Maneno yalikuwa mengine.

"Baba watoto. Nionyeshe kwa kidole neno mlango."

Mvua ilinyesha. Kidole kilitembea juu ya karatasi, kikashuka, kikasimama, kikaondoka.

"Silijui," alisema mume. "Hata moja la humu silijui. Sikupelekwa shule mimi."

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Ya huyu ilikuwa na urefu wa miaka thelathini na minne. Magazeti ya kila Jumapili, vitabu vya inchi mbili, sahihi ya ndoa aliyojifunza kuichora kama mtu anavyochora kiti. Na Bi Nukta, aliyeweza kuona herufi iliyopinda kutoka upande wa pili wa meza, hakuona kitu. Kinyozi hajinyoi.

"Watoto wanajua?"

"Binti yako mkubwa. Alikuwa ananisomea karatasi za wateja tangu yuko darasa la tatu."

Hilo lilimuuma kuliko yote.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Mume alifunga kitabu. "Ulikuwa ukirudi kazini unacheka. Unasema leo nimeshika mbumbumbu mwingine, hajui pa kuweka koma. Tunacheka wote. Nikawaza, mtu wa koma anaitwa mbumbumbu, mimi je, ataniitaje?"

 Bi Nukta alikumbuka vicheko vile, na alikumbuka kwamba mume ndiye aliyekuwa akicheka kwa sauti zaidi. Alijiona mtu mbaya, na hakukuwa na wa kumwambia sivyo.

Asubuhi alishuka peke yake hadi duka la daftari lililokuwa kando ya barabara. Mwenye duka alimtandazia vitabu vya darasa la kwanza vya aina tatu. Alivisogeza machoni kimoja kimoja, akachukua chenye herufi kubwa kuliko vyote. Vile vitatu vya hadithi aliviacha ndani ya begi, akafunga zipu.

"Samaki mkunje angali mbichi," mume alisema alipokiona. "Mimi nimeshakauka."

"Tutakukunja hivyo hivyo. Ukivunjika, wewe si fundi? Utajiunga."

Zilibaki siku tisa. A, e, i, o, u. Ba, be, bi. Mume alitoka jasho kuliko alivyotoka akipasua mbao. Mke aliinama juu ya kioo saa baada ya saa, akifuata kidole kile kinene, na kila jioni ukungu wa machoni ulizidi kusogea katikati. Alijua anatumia nini: mwanga wake wa mwisho. Hadithi ya mjane hakuiuliza tena, na mume hakuimalizia.

Siku ya mwisho, mabegi yakiwa mlangoni, mume aliweka kidole kwenye mstari ambao hawajawahi kuufanya.

"Ba-ba. A-na. Ku-ku." Alivuta pumzi. "Baba ana kuku. Sahihi?"

Bi Nukta alileta kioo. Akakisogeza karibu, akakirudisha mbali, akakifuta kwa kanga, akajaribu tena. Palipokuwa na mstari palikuwa na moshi.

"Mke wangu? Ni sahihi?"

"Sijui," alisema. "Soma tena."