Mche wa Ua la Zambarau

...na leo Kipriani atakiona cha mtema kuni, Odilia aliwaza, mkono umeshanyanyuka, maana huyu binti Careen, afisa ugani aliyeletwa Kitanga kutoka Moshi, amesimama katikati ya mahindi yake yaliyodumaa, ameshika ule mche wa ua la zambarau, anawauliza wanakijiji, "Nani anaujua?"... nani asiyeujua, misimu miwili unamnyonya, na mtendaji naye yupo na daftari lake, kasema aliyeuleta atanyang'anywa shamba, basi anyang'anywe Kipriani, jirani wa mpakani, cheti cha uraia kapewa juzi tu, aliyekuja kwenye ikibiri, wakilimiana zamu kwa zamu, na jembe lenye udongo wa kwake, hakuliosha, Odilia aliliona kwa macho yake... afunge virago, na mkewe Kezia abebe masufuria kichwani, tuone kama atacheka tena alivyocheka siku ile Odilia alipovuna magunzi... "Hiki ni kiduha," Careen anasema, "mbegu yake ni kama vumbi, hujificha hata kwenye mbegu ya mtama, je, kuna aliyewahi kupanda mtama hapa?"... mtama gani, binti wewe, sema jembe, sema jembe la Kipriani... ila kile kikapu. Kikapu cha mama, kule Kasanda, baada ya matanga, wazee wakasema binti wa mwisho, yeye Odilia, abebe mbegu ya mtama ya marehemu isife na mwenyewe, akaibeba, akaipanda pale mpakani ili aione kila akinyoosha mgongo... na pale mpakani ndipo kiduha kilipoanza, na kule Kasanda, alipokuwa mdogo, mama alikuwa akimchomeka vijiua nyweleni, vya zambarau, alivyovichuma chini ya mtama, akisema, umependeza mwanangu... Mungu wangu, mama.

"Mama Recho, umenyoosha mkono," Careen anamwambia Odilia, na mtendaji kashika kalamu, na Kipriani kamgeukia, kofia kifuani, "Vuga, dada, sema, labda wewe unajua kilikotoka," kwa upole ule ule unaomkera, na ni jina moja tu, la Kipriani, lingemaliza kila kitu, mkono bado uko juu, watu wanangoja, naye anamtazama mtu huyu na kumchukia upya, zaidi ya jana, safari hii kwa sababu hana kosa.