Samaki Akirudi Hatazamwi

Kinyozi alikuwa na mikono mizuri, hilo hata wabaya wake walikubali. Angekunyoa ndevu umesinzia, ukaamka umependeza na hujui wembe umepita saa ngapi. Lakini mkono unaojua kichwa si lazima ujue samaki, na Jumamosi ile ndipo alipolijua hilo, mbele ya baba mkwe wake, dereva mstaafu wa basi la shule na mtu asiyecheka ovyo.

Ilikuwa mara ya kwanza Mzee kumwalika bwawani. Miaka yote ya ndoa walikuwa wakisalimiana sebuleni, "Shikamoo, baba," "Marahaba," kisha kila mmoja anaikodolea macho televisheni kana kwamba analipwa kuitazama. Sasa walikaa bega kwa bega, ndoano majini, na Kinyozi alikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

Bwawa lile lilikuwa na sharti moja: unavua, unarudisha, hakuna kutoka na samaki. Na wavuvi wenyewe walijiwekea mwiko wao: ukishamrudisha samaki unageuka, unahamia upande mwingine. Samaki akirudi hatazamwi. Waliambiana kwamba ni heshima.

"Tangu nianze kuja hapa sijaua hata mmoja," Mzee alisema. "Nimebeba watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyeshuka na mkwaruzo. Nije niue samaki?"

Mara mshipi wa Kinyozi ukavutwa. Alikuwa sato, mnene wa kujaza mikono miwili.

"Mshike vizuri nikupige picha, binti yangu akaone!" Mzee akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Kinyozi, kwa mazoea, akakausha kwanza mikono yake kwa taulo lililokuwa begani, maana mteja hashikwi kwa mkono uliolowa. Kisha akaona samaki anateleza na ana tope, akamfuta naye, taratibu, kuanzia shingoni, kama samaki ana shingo, hadi mkiani. Mzee alikuwa akihangaika na simu. Mara kidole kimeziba kamera, mara amejipiga picha pua yake mwenyewe. Muda wote huo samaki alikuwa akifumbua mdomo na kuufumba.

Picha ikapatikana, samaki akarudishwa. Mzee akageuka, akabeba kiti chake, akaenda zake.

Kinyozi hakugeuka. Kwake kazi haiishi mpaka ameshika kioo nyuma ya kichwa cha mteja, naye mteja akajiona kisogo. Basi akatazama. Samaki alikwenda upandeupande, akazunguka, kisha tumbo jeupe likaja juu.

Akalitazama taulo. Ute wote wa samaki ulikuwa pale, na magamba mawili matatu. Alichofuta hakikuwa uchafu, kilikuwa kinga ya ngozi yake.

Matete yalikuwa karibu. Angemsukuma kwa fimbo, mambo yakaishia hapo, na Mzee angeendelea kumcheka vile vile vizuri. Akamsukuma kidogo. Samaki akageuka, jicho lake likamwelekea, na macho hayana pazia. Kinyozi akaona huruma na aibu kwa pamoja. Akaingia majini na suruali yake, akamtoa, akamlaza kwenye taulo na kumfuata Mzee.

"Baba, amekufa."

Mzee alikuwa amempa mgongo. "Amepumzika tu. Huwa wanapumzika."

"Amekufa, baba. Nilimfuta kwa taulo. Nimemuua mimi."

"Si ulitakiwa ugeuke!" Mzee alifoka. "Nani kakwambia utazame?"

"Nisamehe, baba. Mimi kinyozi. Nimezoea kutazama."

Mzee akageuka. Alimtazama samaki kwenye taulo, akakaa kwenye kiti chake.

"Na mimi na simu yangu," akasema. "Tumemuua sote wawili." Akaligeukia bwawa. Sauti yake sasa haikuwa ya dereva tena. "Wale wengine wote nilikuwa nageuka. Wamekufa wangapi, mwanangu?"

Hakuwa amewahi kumwita mwanangu. Kinyozi alitamani sana kumjibu hakuna, baba, wote walipona.

"Sijui, baba," akasema. "Hakuna aliyetazama."

Kinyozi akataka kujua kama wamwache pale matetani. Mzee akakataa. Alisema huyo ataliwa, na kama ni kufukuzwa bwawani atafukuzwa yeye, mwenye uzoefu. Alilichukua taulo na samaki wake, akambeba kwa mikono miwili, wazi, hadi getini.

Mlinzi, aliyemjua miaka yote, alishangaa. "Mzee, na wewe leo umeua?"

"Si leo tu," Mzee alisema. "Leo nimeona."