Sketi Isiyotakiwa Kulegea

Saa ya chakula cha mchana Bérangère Maupin alivuka barabara na bakuli la supu, akaingia kwenye nyumba ya mitindo kumwona binti yake, Ludivine, aliyekuwa ametundikwa kwenye chuma cha nguo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenye nyumba hiyo kutundika hivyo. Alikuwa mshonaji wa tutu, zile sketi fupi za wavu mgumu za wachezaji wa baleti, katika jumba la opera la Paris, na wale watu walimfuata karakanani na viatu vyao vya kung'aa wakasema msimu huu kila mwanamke mjini atavaa tutu, hata ofisini. Wakauliza inatunzwaje. Akawaambia waipindue, kiuno kitazame sakafu, la sivyo wavu utalegea. Hakujua wangeitundika pamoja na mvaaji.

Tutu ya opera ina safu kadhaa za kulabu mgongoni, maana hurithiwa na wachezaji wa viuno mbalimbali. Nyumba ya mitindo iliacha safu moja tu, ile ya kubana kabisa, eti ndiyo inayopendeza kwenye picha. Wateja walipita katikati ya wasichana waliotundikwa kichwa chini kuonyesha nguo, wakipapasa kitambaa. Ludivine aliinusa supu, asiinywe. Mbavu zake zilionekana.

"Jumapili uje nyumbani. Baba yako anapika bata."

"Nikisimama italegea, mama."

"Na wewe ukilegea je?"

"Mimi nimeshazoea."

Bérangère aliona tabaka moja la wavu limekunjamana. Akalinyoosha, huku akiichukia mikono yake mwenyewe.

Jumapili yeye na mumewe, Fabrice, walimbeba vilevile, miguu juu, kwenye treni ya chini ya ardhi. Abiria mmoja alisogeza mwavuli wake. Nyumbani Fabrice aliishusha taa ya chumba cha kulia, akamtundika binti yao kwenye ndoano ya taa hiyo. Wakala. Bata wa Ludivine alipoa mbele ya uso wake.

Asubuhi yake alikuja mjumbe wa nyumba ya mitindo. Tutu zimepitwa na wakati, alisema. Sasa ni sketi nyembamba za kufika magotini. Msichana hahitajiki tena, ila nguo irudishwe. Bérangère alifungua kulabu, na mjumbe akaukagua wavu kama una doa. Haukuwa nalo. Akashukuru, akaondoka.

Walimvalisha Ludivine shati na suruali ya baba yake, wakajaribu kumsimamisha. Alipepesuka, akaomba arudishwe juu. Wakamrudisha kwenye ndoano, kichwa chini. Bérangère alipiga magoti chini yake na kijiko cha supu, na machozi yalimtoka waziwazi.

"Nguo imeshakwenda, mwanangu. Kula sasa."

Ludivine alikitazama kijiko.

"Amesema sketi nyembamba, siyo? Basi watataka wasichana wembamba zaidi."

Kisha akafumba mdomo.